Mizimu Niliowaweka Nyumba Moja

Mimi ndiye niliyewaunganisha. Nasema mapema, kwa sababu Umang kwa wema wake huwa anawaambia watu kwamba ilikuwa kazi ya timu. Timu gani? Timu ni mimi, yeye na Nestory, na kati yetu watatu mwenye bibi kule kisiwani Nansio ni mimi peke yangu.

Tunatengeneza gemu. Ofisi yetu iko Igoma, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake Umang, kwa hiyo kutwa nzima unasikia nondo zikikatwa. Umang ndiye bosi. Babu yake alikuja Mwanza kununua pamba na hakuondoka tena. Nestory, baba wa watoto wanne kutoka Buswelu, ndiye anayeandika programu, na ana maneno kuliko redio. Mimi naitwa Odeta. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikachoka kusahihisha madaftari, na pale ofisini kazi yangu ni mizimu.

Gemu inaitwa Visiwa Tisa. Mchezaji anapewa mtumbwi, anapita kisiwa hadi kisiwa, na kila kisiwa kina wenyewe wasioonekana. Niliwakusanya kila kona ya ziwa: kwa Wasukuma, kwa Wahaya, kwa Wajita, kwa Wajaluo, na wengine niliwatunga mwenyewe nikiwa na njaa. Wakafika kumi na tisa. Ninalo jedwali lao: jina, kazi, mahali, anachopenda, anachochukia. Kisha kampuni ya ng'ambo iliyotaka kuinunua gemu ikatuletea barua. Walisema gemu ni nzuri, ila mizimu wamezidi na kazi zao zinaingiliana. Wa mvua watatu, wa radi wawili, wa waliozama wawili. Tuwapunguze wabaki kumi na wawili kabla mwezi haujaisha.

Nilichukia, jamani. Nilizunguka ofisini nikiuliza kuta: nani kawaambia mvua ni moja? Nestory akaziba masikio yake na vile vidude vya kusikilizia muziki. Umang yeye alikuwa anakunywa chai yake ya tangawizi taratibu.

"Dada Odeta, tatizo liko wapi?" akaniuliza. "Kwetu mungu mmoja ana majina elfu moja, na anayeitikia ni yule yule."

"Kwenu hawagombani."

"Wanagombana sana! Lakini ukifuata mwisho wa hadithi, unakuta ni yule yule kabadilisha nguo."

Basi nikaanza kuwaunganisha. Wa mvua nikawafanya mmoja, hakuna aliyelalamika. Wa radi vilevile. Siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea, nafuta na kubandika huku nakula karanga. Hivyo ndivyo nilivyowafikia Nyabwita na Mukwata.

Hawa sikuwatoa kwenye kitabu. Ni wa bibi yangu Teodora, mama mzazi wa baba. Nyabwita anawaita waliozama watoke majini. Mukwata anawashika walioko majini. Nyuma ya nyumba ya bibi kuna vijumba viwili vya nyasi, vinakufika magotini. Mlango wa kimoja unatazama ziwa na wa kingine unatazama migomba. Kila mmoja anawekewa chakula chake, kwenye kigae chake. Pasaka iliyopita nilikwenda na simu nikamrekodi bibi, maana nilitaka waongee kwa sauti ya mtu mzima wa kisiwani, siyo Nestory akijikaza koo.

Bibi alikubali upesi hata nikashangaa. Jumamosi alikaa ametazama ziwa, akasema maneno ya Nyabwita: "Njoo. Njoo nyumbani. Mlango uko wazi." Nikamwambia amalizie na Mukwata hapo hapo, nina feri ya asubuhi. Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni. Akasukutua mdomo, akaenda zake kulala. Jumapili akakaa ameyapa maji mgongo, ndipo akasema ya Mukwata: "Kaa. Kaa ulipo. Ulipo ndipo kwako."

"Kwa nini tusingemaliza jana?" nikamuuliza.

"Wasisikilizane," akasema.

Feri ilishaniacha. Nilinuna siku nzima.

Sasa, ofisini, nikaona ni kazi moja, ziwa moja, na sauti ya bibi mmoja. Nikawaandika mstari mmoja kwenye jedwali kwa jina jipya, Mama wa Vilindi. Nestory akatia sauti zote mbili kinywani mwa huyo mama. Tulipojaribu, yule mama akainuka kwenye maji ya skrini, nywele zikimchuruzika, akasema: "Njoo nyumbani. Kaa ulipo."

"Huyu mama hajielewi," Nestory akacheka. "Kama mke wangu tukiwa na wageni."

Na mimi nikacheka. Ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi mdogo wangu Revocatus akazama.

Alikuwa anavua dagaa, kazi ya vijana wengi wa Ukerewe. Upepo uliwapindua alfajiri wakirudi. Wenzake wawili wakashika madumu wakaokolewa, yeye hakuonekana. Niliposhuka kwenye feri pale Nansio watu walinikwepa macho. Tulikuwa wawili tu, mimi na Revo. Baba yetu Alexander alizama ziwa hilo hilo miaka ishirini na sita iliyopita, mimi nina tisa, Revo yuko tumboni. Mama naye alimfuata baba, Revo akiwa hajamaliza kunyonya, bibi akatulea. Baba hatukumpata. Kila jioni bibi alikuwa akishuka peke yake ufukweni kuongea na maji, na sisi watoto tulijua anamwita mwanawe. Nimekua sina kaburi la baba la kupalilia. Kwa hiyo nilichotaka safari hii kilikuwa kimoja tu, tumpate Revo tumzike.

Bibi nilimkuta ufukweni, kanga imefungwa kiunoni, anaita. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia kwa kichwa. Koo lilikuwa limekwaruzika. Wanaume walizunguka na mitumbwi na makokoro, siku moja, mbili, tatu. Siku ya nne bibi akanivuta pembeni.

"We Odeta. Nikimwita Revo, kuna mtu anasema juu ya sauti yangu."

"Nani, bibi?"

"Mimi. Naisikia sauti yangu mwenyewe huko majini, inamwambia akae. Zile sauti ulizochukua Pasaka ulizipeleka wapi?"

Nikamweleza yote, barua, jedwali, Mama wa Vilindi. Nilikuwa naomba moyoni anitukane. Aliuliza swali moja tu.

"Uliwaweka nyumba moja?"

"Ndiyo, bibi."

Akakaa kwenye mchanga kwa kishindo. "Sasa mmoja anaita na mwingine anakataza, na mdomo ni ule ule. Mtoto atajuaje aende wapi? Nenda ukawatenganishe. Na wawepo wote wawili, umenisikia? Nyabwita akiachiwa peke yake hachagui. Anaita wa jana na wa enzi za Mjerumani. Mukwata ndiye anayejua nani aachiwe arudi kuzikwa na nani amekaa sana asirudi. Hao wa zamani hawaji kukaa na sisi, mjukuu wangu. Wanakuja kuchukua mtu wa kuondoka naye."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Ila kwenye feri nilikaa saa tatu na ushee nikiyatazama yale maji, na kilichobaki kichwani kilikuwa jina moja. Mukwata ndiye aliyemshika baba. Mukwata ndiye anayemshika Revo. Tunamwekea ugali miaka yote, halafu anatufanyia hivi! Feri inafunga gati Mwanza nilikuwa namchukia kama jirani aliyenipora kiwanja.

Nestory alisimama aliponiona. "Pole sana, dada. Pole."

"Watenganishe."

"Dakika kumi tu. Kila mmoja namrudisha kwake."

"Nyabwita mrudishe. Mukwata mfute."

"Lakini kwenye simu si ulisema bibi ametaka wote..."

"Nestory, aliyefiwa ni wewe?"

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikafuta mstari, nikafuta picha, nikafuta sauti. Nikaingia kwenye diski ya akiba nikafuta na huko. Nikatoa simu, nikatafuta ile rekodi ya Jumapili ya Pasaka, nikaifuta. Umang alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Niliona raha. Nasema kweli ya Mungu, niliona raha.

Kesho yake asubuhi nikapigiwa simu. Revo amepatikana.

Alikuwa ufukweni chini ya nyumba ya bibi, amelala chali, mikono kifuani, kana kwamba kuna mtu amemlaza. Siku sita majini na hata samaki hawakumgusa. Wazee waliomwosha hawakuongea walipomaliza. Mimi sikujali. Tulimzika kando ya mama, padri akaja, kwaya ikaimba, nikalia mpaka nikaishiwa, na katikati ya kilio nikashukuru. Nilikuwa na kaburi lake.

Asubuhi iliyofuata mchanga wote ulikuwa na nyayo. Zilitoka majini zikapanda kuelekea kwenye nyumba, za watu wazima na za watoto, na hapakuwa na hata moja inayoshuka. Watu wakasema ni wageni wa msiba wetu walikwenda kunawa. Sawa. Lakini mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamejibana chini ya vitanda, na kwenye kizingiti cha karibu kila nyumba palikuwa na dimbwi dogo la maji lenye harufu ya magugu ya ziwani.

Saa nne Justa, jirani yetu, akaja mbio uso unamng'aa. Mumewe alizama miaka saba iliyopita.

"Bibi, nimemsikia kwenye migomba! Kikohozi chake kile kile cha sigara!"

Bibi akamkamata mkono. "Usimfungulie."

"Jamani bibi! Mume wangu nimfungie mlango?" Akacheka, akajitoa, akaondoka anakimbia.

Kesho yake tulikuta kandambili zake ukingoni mwa maji, zimepangwa vizuri, zimetazama ziwa. Mitumbwi ikatoka tena. Mpaka leo hajaonekana.

Bibi aliniita ndani. "Mukwata yuko wapi?"

"Nimemfuta."

Akatoka uani, nikamfuata. Kile kijumba kinachotazama migomba kilikuwa kimelala chini, nyasi zimetawanyika, na kingine kimesimama wima. Bibi akalipa ziwa mgongo, akafungua mdomo ayaseme yale maneno ya Mukwata. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Akageuka kwangu, na kwangu sauti ikatoka vizuri, ya kukwaruza tu.

"Nilimpa sauti yangu ya kazi hiyo akae nayo kwenye chombo chako. Umeifuta. Sina nyingine."

Nikampigia Nestory nikilia. Huna hata kipande? Hata sekunde mbili? "Dada," akasema, "ulifuta na akiba. Tulikuwa tunakutazama." Nikakaa pale kwenye nyasi nikajilaumu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Justa alinibeba mgongoni nikiwa mdogo.

Mvua ilianza saa nane mchana. Bibi akafunga madirisha yote, akatia komeo. Tulikaa sebuleni, mimi kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda, bati linapiga kelele. Ilipofika saa tisa mlango ukagongwa. Mara tatu, taratibu.

"Hodi."

Bibi akashika kifua.

"Hodi humu. Mama? Mmelala mchana?"

Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu nina miaka tisa, na niliijua kabla hajamaliza neno. Miguu yangu ikaanza kunyanyuka yenyewe.

"Karani yupo?" akasema.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Nilikuwa naandika majina ya mbuzi ukutani kwa mkaa, na baba akirudi ziwani alikuwa anauliza, karani yupo, leo wangapi wamehudhuria? Hata Revo hakulijua jina hilo. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Karani, nifungulie mwanangu. Nimelowa. Baridi."

Nilikuwa nimeshafika kwenye komeo. Mkono wangu uko juu ya chuma. Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango, yamenifika kwenye vidole, na yalikuwa ya baridi kweli. Nilitaka kufungua. Msinifikirie vibaya, nilijua kila kitu, nilijua habari za Justa, na bado nilitaka kumwona tu, mara moja, nimpe kanga ajifute. Baba yangu alikufa na miaka thelathini na mitatu. Nimemzidi umri.

Bibi akanishika kwa nyuma, mikono yake yote miwili kiunoni mwangu.

"Miaka ishirini na sita kila jioni nimeshuka ziwani," akaninong'oneza sikioni. "Ulidhani namwita?"

"Ulikuwa unamwita."

"Nilikuwa namwambia akae." Akanibana zaidi. "Niliyemzaa mwenyewe. Kila jioni alitaka kurudi, na wewe uko humu ndani na Revo, wadogo, mngemfungulia. Sasa mimi siwezi. Mpe Mukwata sauti yako."

Akaokota simu yangu kwenye mkeka, akanipa. Nje baba aligonga tena, safari hii chini chini, pale ambapo mtoto angesikia.

"Karani? Umekasirika?"

Nikawasha rekodi. Nikaupa mlango mgongo, nikatazama upande wa migomba, ukutani tu, kwa sababu dirisha lilikuwa limefungwa. Maneno nilikuwa nayajua, nimeyaandika mwenyewe kwenye jedwali, nimeyasoma mara mia nikila karanga. Hayakutoka. Bibi akaminya mkono wangu.

"Kaa," nikasema.

Nje pakawa kimya, mvua tu.

"Kaa ulipo, baba. Ulipo..." Nilikuwa nalia kamasi, sioni ukuta. "Ulipo ndipo kwako."

Mvua ikapiga bati kwa nguvu, sikusikia kitu tena. Maji yaliyokuwa miguuni mwangu yakarudi nyuma polepole, yakapita chini ya mlango, sakafu ikabaki na alama yake. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikakatika, jua likatoka. Tulipofungua, nyayo mlangoni zilikuwa zinashuka.

Nilimtumia Nestory ile rekodi jioni hiyo hiyo, na kesho yake nikasimamisha kijumba upya kwa mikono yangu, mlango ukitazama migomba. Nestory naye akajenga viwili kwenye gemu, milango imepeana mgongo. Umang aliwaandikia wale wa ng'ambo kwamba mizimu ni kumi na watatu, wakitaka wanunue, wasipotaka waache. Wakanunua. "Majina elfu, sawa," aliniambia, "lakini naona kila mmoja ana nyumba yake."

Bibi hashuki tena ziwani, miguu imegoma. Kila nikienda Nansio nashuka mimi, jioni, nayapa maji mgongo, nasema maneno yangu mawili matatu. Siku hizi nayasema mara mbili, ya pili ya Justa.

Kuna jambo moja limebaki. Nestory alipokuwa anasafisha ile sauti alinipigia akasema mwishoni, ukiondoa mvua, kuna kelele za mtu mwingine, akaomba ruhusa azikate. Nikamwambia anisikilizishe kwanza. Ni sauti ya mwanaume, iko mbali, nyuma ya mbao.

"Haya, karani," inasema. "Nimekusikia."

Nilimkataza asiikate.